Mstari wa Buluu kwenye Mabati

Wino kazi yake ni kuandika, na mate kazi yake ni kulainisha chakula. Mtu aliye na wino mezani kisha akachovya kidole mdomoni na kuandikia mate, maandishi yake yatakauka kabla hajafika mwisho wa mstari, na hatakuwa na wa kumlaumu ila kidole chake. Ndiyo maana wahenga walituonya tusiandikie mate na wino ungalipo. Jambo linaloweza kuthibitishwa leo, mchana, mbele ya watu, lisiachiwe mazoea na kubahatisha. Ndwiga wa Runyenjes aliijua methali hiyo tangu shule ya msingi. Aliwahi hata kuitungia insha akasifiwa mbele ya darasa. Lakini kuijua methali si kuitii.

Ndwiga alikuwa fundi wa mbao na mabati. Karakana yake ilikuwa nyuma ya soko, katika ploti aliyoikodi kwa Mzee Hezekiah. Palikuwa na kibanda kirefu cha kukaushia mbao, msumeno wa umeme, mashine ya randa, na mlangoni mkewe Ednah aliuza chai na maandazi kwa waliokuja kusubiri kazi zao. Paa aliloliezeka Ndwiga halikujua kuvuja. Hata mvua za Aprili zinazoshuka mlimani kama maji ya ndoo zilipita juu yake zikaenda zao.

Hata hivyo alikuwa na mazoea fulani ambayo mafundi wengi wanayo na hawayataji kanisani. Mteja mmoja akileta mbao zake mapema, na mwingine akaja ana haraka, Ndwiga alichukua za yule wa kwanza akamalizia kazi ya huyu wa pili, akitumaini kuwa za mteja wa tatu zitaziba pengo. Hakuwa mwizi. Kila mtu hatimaye alipata kitanda chake au mlango wake. Lakini ukimwuliza siku yoyote ubao upi ni wa nani, alikuna kichwa kwanza, ndipo akajibu.

Siku moja, kiangazi kikiwa kinaelekea ukingoni, alimjia Kanana, mkandarasi kutoka Kianjai. Watu walimwita Mama Mukiri. Alisomea ujenzi chuoni, na hakuwa mtu wa kuzungusha maneno. Alikuwa amepewa kazi ya kujenga chumba cha kujifungulia kando ya zahanati ya kanisa huko kwao. Akina mama wa Kianjai walikuwa wameuza kuku, ndizi na maharagwe msimu baada ya msimu, kwa sababu walichoka kuwapakia wajawazito wenye uchungu kwenye boda boda kuelekea Meru mvua ikiwanyeshea. Kuta zilikuwa zimesimama. Lililobaki ni paa, na paa hilo lilitakiwa liwe juu kabla ya mvua, la sivyo kuta zile za matofali ya udongo zingerudi kuwa udongo.

Kianjai hapakuwa na mahali pa kuhifadhi vifaa. Kiwanja cha kanisa kilipakana na soko, hakikuwa na ua, na mbao zikiachwa juani hujipinda kama upinde. Kwa hiyo Kanana alinunua mbao za saiprasi na mabati huko Embu, akataka vikae kwa Ndwiga, ambaye angeunda fremu za paa na kukunja mifereji, kisha vyote vipakiwe lori siku moja.

"Bwana asifiwe, Baba Wambeti," Kanana alisema akiingia.

"Asifiwe sana, Mama Mukiri! Karibu, keti. Ednah, mletee mgeni chai!"

"Chai baadaye. Kwanza tusome hii."

Aliweka mkataba juu ya meza ya kazi, akapuliza vumbi la mbao ili karatasi ilale vizuri. Ndwiga aliutazama kama mtu aliyewekewa chura sahanini.

"Si tuliomba pamoja Jumapili?" aliuliza. "Mchungaji mwenyewe aliifungua kazi hii kwa maombi."

"Tulimwomba Mungu atulinde. Sasa tuandike tumpunguzie kazi."

Akamsomea. Kitu chochote kilicholipiwa kingekuwa mali ya chumba cha akina mama tangu siku ya malipo, hata kama kingelala Runyenjes mwaka mzima. Kingewekwa peke yake, juu ya magogo, chini ya kibanda, bila kuchanganywa na cha mtu mwingine. Kila bati na kila ubao ungetiwa alama. Bima ya moto na wizi ingelipwa mpaka vifaa vifike Kianjai, na safari ikiwemo. Kanana angekuja kukagua siku yoyote bila kupiga simu. Na mwisho, mwenye ploti angetia sahihi kwamba anajua vitu hivyo si vyake wala si vya mpangaji wake.

Tabasamu la Ndwiga liliyeyuka kama mafuta kikaangoni. "Mama Mukiri, unaniona mwizi?"

"Ningekuona mwizi ningekuletea mabati?"

"Sasa haya yote ni ya nini?"

"Nakuona mtu. Mtu huugua, mtu hugombana na jirani, mtu hufa. Karatasi haiugui."

"Hata mama yangu mzazi hajawahi kuniandikisha!"

"Mama yako hakukuachia paa la watu."

Ednah alicheka mlangoni hadi chai ikamwagika. Ndwiga alimkata jicho, akatia sahihi kwa hasira, kalamu ikatoboa karatasi. Moyoni alijifariji kwamba Mzee Hezekiah angekataa. Mzee yule, alifikiri, hangekubali kuambiwa na mwanamke wa Kianjai aape katika ploti yake mwenyewe.

Vifaa vilipofika, Kanana alikuja na makopo mawili ya rangi ya buluu. Walipiga mstari kwenye ncha ya kila ubao, na kwenye ukingo wa kila bati, pale ambapo ukingo hufunikwa na bati jingine paa likiezekwa. Walikuwa katikati ya kazi hiyo Mwalimu Njiru alipopita kuangalia mbao zake za kabati na vitanda, zilizokuwa zimeegemezwa ukutani.

"Ndwiga!" Mwalimu aliita. "Siku hizi mabati nayo yanavishwa hereni kama ng'ombe wa maziwa?"

"Muulize Mama hapa. Mimi ni mtumwa tu."

"Na zangu utazijuaje?"

"Zako nazijua kwa sura, Mwalimu."

"Umenena. Mimi na wewe tulibatizwa siku moja, tutaandikiana nini?"

Kanana alimnyoshea brashi. "Rangi ipo nyingi, Mwalimu. Dakika chache tu."

"Rangi ni ya wasioaminiana, Mama."

Kanana aliinua mabega, akarudi kazini. Hakuwa na muda wa kumbembeleza mtu mzima.

Ndwiga naye akapandwa na ushetani wa mzaha. Alitoa rafuni kopo la rangi nyekundu, akapaka herufi kubwa ya jina lake kwenye msumeno, kwenye randa, kwenye meza ya kazi, kisha akaliendea birika la Ednah lililokuwa jikoni na kulipiga alama tumboni.

"Wewe! Birika langu!" Ednah alipiga kelele.

"Na lenyewe liapishwe! Lisije likadai kwamba ni la Mama Mukiri."

Watu walicheka. Kanana peke yake hakucheka. Alifungua karatasi, akaongeza mstari chini. "Msumeno mmoja, randa moja, meza moja. Mali ya fundi. Birika moja la chai. Alama nyekundu."

"Mama, ni mzaha jamani."

"Mimi siandiki mzaha. Naandika nilichokiona."

Mzee Hezekiah alifika jioni hiyo akiwa na fimbo yake na kofia ya sufu. Ndwiga alimweleza jambo lile kwa sauti ya mtu anayeshtaki, akingoja radi ipige. Mzee alisikiliza, akaangalia mistari ya buluu, akacheka mpaka akakohoa.

"Ninyi wa huku juu kwenye chai na kahawa hamjui mambo," alisema. "Mimi nilizaliwa kule chini, Mbeere. Kwetu mzinga usio na alama, asali yake ni ya atakayetangulia kupanda mti. Baba yangu alichoma alama kwenye kila mzinga, na hakuna aliyesema anawatukana majirani. Majirani nao walichoma zao. Ndiyo sababu tulikula asali na hatukukatana mapanga."

Alitia sahihi yake, na kando ya sahihi akachora alama ya mizinga yao: mistari mitatu iliyopanuka na mmoja wa kuikata, mfano wa unyayo wa kuku. Kisha akakumbuka kwamba na yeye alikuwa ameweka mabati kibandani mle, ya kuezekea zizi la ng'ombe. Akaomba msumari, akainama kwa taabu, akayakwaruza unyayo ule ule, moja baada ya jingine.

"Sasa kila mzinga una mwenyewe," alisema, akaenda zake akipiga mluzi.

Ndwiga hakupona kinyongo upesi. Wiki zilizofuata mistari ile ilimfuata kama macho. Alikuja bwana mmoja mwenye arusi, ana haraka ya meza, na mbao zikawa pungufu. Mkono wa Ndwiga ulikwenda wenyewe kwenye rundo la Kianjai, kama ulivyozoea. Ulipoinua ubao, ukakutana na buluu. Alisimama nao muda. Angeweza kuikata ncha ile kwa pigo moja la msumeno. Ila fremu ingekuwa fupi, na Mama Mukiri angeliona pengo kabla hajashuka kwenye boda boda. Akaurudisha, akasonya, akamwambia bwana arusi asubiri. Bwana arusi alitukana kidogo, akasubiri.

Mawingu yalikuwa yameanza kukaa juu ya mlima kila alasiri, na fremu zilikuwa karibu kwisha, Mzee Hezekiah alipoanguka shambani asiamke tena. Runyenjes nzima ilimlilia. Ndwiga ndiye aliyemtengenezea jeneza, akakataa malipo.

Lakini udongo wa kaburi haukuwa umekauka wanawe walipoanza kutazamana kama majogoo. Mzee hakuacha wosia. Njagi, mwana wa kwanza, aliogopa kwamba wadogo zake wangeuza kitu kimoja kimoja kabla ya mirathi kugawanywa. Akanunua mnyororo mnene, akafunga lango la ploti kwa kufuli.

Ndwiga alifika asubuhi akakuta wateja wake wamesimama nje, Ednah ameketi juu ya gunia la makaa bila birika, na Njagi amejinyoosha langoni kama mwimo wa mlango.

"Njagi, kaka, nifungulie. Nina kazi ya watu."

"Kilicho ndani ya ua ni cha baba mpaka mahakama iseme vingine. Mabati aliyanunua, tunajua. Alituambia mwenyewe kwamba ana mabati kibandani."

"Ana machache ya zizi! Hayo mengine ni ya Kianjai!"

"Kila mtu siku hizi ana vyake kwa marehemu."

Maneno hayo yalimchoma Ndwiga kama mwiba wa mchongoma. Alifikiria kuta za udongo kule Kianjai, na wanawake walioziuzia kuku zao. Alifikiria jina lake. Fundi aliyepoteza paa la wajawazito angeweza kuhamia hata mwezini, watu wangemnyoshea kidole huko huko. Na msumeno je? Bila msumeno na randa, mtoto wake Wambeti angeendaje shule? Kwa mbali, upande wa mlima, ngurumo ilipiga. Akampigia Kanana simu.

"Mama Mukiri, wamefunga. Wamefunga kila kitu."

Alingoja alaumiwe. Kanana akauliza tu, "Uliazima ubao wowote wa buluu?"

"Hata mmoja."

"Kweli, Baba Wambeti?"

"Kweli kabisa, Mungu ni shahidi."

"Vizuri. Na safari hii tuna shahidi wa pili. Mwite chifu. Nakuja na lori."

Alasiri hiyo chifu alisimama langoni, wana wa Hezekiah upande mmoja, wateja upande wa pili. Kanana alishuka kwenye lori na viatu vya tope, akampa chifu karatasi. Alimpa pole Njagi kwanza, kwa mikono miwili, maana ukali wake haukuwa wa kukosa adabu. Kisha akaiacha karatasi iseme.

Chifu alisoma kwa sauti. Alipofika mwisho alisita, akakodoa macho. "Msumeno mmoja, randa moja, meza moja. Na… birika moja la chai. Alama nyekundu."

Kicheko kilimponyoka mtu, na hata mmoja wa wana wa marehemu akaziba mdomo kwa kofia. Njagi hakucheka.

"Sahihi mtu yeyote anaweza kuigiza," alisema. "Baba hayupo wa kuulizwa."

"Basi itazame," Kanana alimwambia. "Usinisikilize mimi. Tazama."

Njagi aliichukua karatasi. Macho yake yalipita juu ya sahihi, yakafika kwenye unyayo wa kuku, yakakwama hapo. Tangu akiwa na meno ya utoto alikuwa amebeba mizinga yenye alama ile, ameishika kwa vidole gizani akimsubiri baba yake ashuke mtini na asali. Alitoa ufunguo polepole. Aliingia kibandani peke yake, na wote walimwona kupitia langoni akiinama kwenye rundo dogo la mabati pembeni, akipitisha kidole kwenye mikwaruzo. Kisha akaenda kwenye rundo kubwa, akainua bati moja, la pili, la tatu. Buluu. Buluu. Buluu.

Alipotoka, uso wake ulikuwa umelowa.

"Yale ya pembeni ni ya baba," alisema. "Ameyaandika mwenyewe. Kama haya mengine yangekuwa yake, angeyaandika pia. Baba hakuwahi kusahau mzinga." Akamgeukia Ndwiga. "Nisamehe, fundi. Nilisema neno baya."

"Ulikuwa na msiba, kaka. Yamekwisha."

"Msipakie ninyi peke yenu. Mvua inakuja." Akavua koti la matanga, akaushika ubao wa kwanza mwenyewe.

Walipakia fremu, mabati na mifereji, kisha msumeno, randa na meza. Ednah alilikumbatia birika lake kama mtoto aliyepatikana sokoni. Lakini Mwalimu Njiru alipoonyesha mbao zake ukutani, chifu alimwuliza alama iko wapi. Hakukuwa na alama. Mmoja wa wana wa Hezekiah alisema baba yao naye alileta mbao pale siku zake za mwisho, kabla hajapata nafasi ya kuzitia alama, na Njagi hakuweza kuapa kwamba sivyo.

"Ndwiga, si unazijua kwa sura?" Mwalimu alilia.

Ndwiga aliziangalia mbao. Mbao zikamwangalia. Kwa mazoea yake ya kuazima, hata yeye hakuwa na hakika tena ni zipi zililetwa na Mwalimu na zipi alizirudisha mahali pa nyingine. Aliinamisha kichwa. Kufuli likarudi langoni na mbao zikabaki ndani, zikingoja mahakama.

Paa la Kianjai lilipandishwa kabla ya mvua, ingawa kwa upenyo wa sindano. Fundi na vijana wake walipigilia msumari wa mwisho huku matone ya kwanza yakigonga migongo yao, wakashuka mbio na kuingia chini ya kazi yao wenyewe. Mvua iliyapiga mabati hadi watu hawakusikiana. Hakuna tone lililopenya. Kuta zilikaa kavu. Akina mama walioleta uji na nduma za kuchemsha kwa mafundi walianza kuimba wimbo wa shukrani kwa Kimeru, na Ndwiga, ambaye hakuyaelewa maneno yote, alijikuta akiimba kwa Kiembu, na machozi yakimtoka bila aibu.

Alimfuata Kanana aliyekuwa akikagua pembe za dari kwa tochi.

"Mama Mukiri, nilikuona una dharau. Kumbe ulikuwa unanifunika. Mabati ni ya akina mama, sawa, lakini jina ni langu, na msumeno ni wangu. Umenirudishia vyote. Asante. Asante sana."

"Mshukuru Mzee Hezekiah. Yeye ndiye hakuona haya kuandika."

"Namshukuru. Na wewe pia nakushukuru, upende usipende. Ednah amekutumia jogoo, yuko ndani ya lori."

"Nimempokea." Kanana alizima tochi, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane, akatabasamu mpaka meno yakaonekana. "Nitampaka buluu, asije akaliwa na Mchungaji."

Ndwiga alipata ploti nyingine karibu na kituo cha boda boda. Mbao za Mwalimu Njiru alizinunua upya, kidogo kidogo, akamfanyia kabati na vitanda bila kudai ujira, kwa sababu deni la uzembe nalo ni deni. Siku ya kuleta mbao nyingine, Mwalimu hakungoja kuambiwa. Alishuka kwenye boda boda na kopo lake la rangi ya kijani kwapani, brashi mfukoni.

"Mbona, Mwalimu? Si tulibatizwa siku moja?" Ndwiga alimtania.

"Ndiyo. Na siku hiyo waliandika majina yetu," Mwalimu alijibu, akaanza kupaka.

Mlangoni birika la Ednah lilikuwa likichemka, herufi nyekundu ikiwa bado tumboni mwake, maana alikataa katakata kuisugua. Kila mteja mpya aliyeuliza habari ya alama ile alipewa kikombe cha chai na kisa kizima tangu mwanzo, na kila mara Ednah alikimalizia kwa sauti ile ile, akimnyoshea mgeni brashi: usiandikie mate na wino ungalipo.